Maji Yaliyosikika Redioni

Kama yupo mwanamume aliyewahi kuchongewa mchumba wake na bomba la maji, basi ni Murungi wa Mitunguu.

Ilikuwa Jumatano, siku ya kupima ndizi. Banda la kukusanyia mazao lilikuwa limejaa mikungu ya kijani hadi mlangoni, na wakulima wameikalia mikungu yao kama machifu wanaosubiri wageni. Redio ya mwenye mizani ilining'inia kwenye msumari, ikijiongelesha. Murungi hakuwa akiisikiliza. Mawazo yake yalikuwa Karurumo, kule upande wa Embu, nyumbani kwa akina Wanjugu, mchumba wake mwandishi wa redio. Jumamosi hiyo wazee wa ukoo wangepeleka asali na kondoo dume, waketi, wakohoe, wazunguke maneno, na mwishowe waseme kwamba kijana wao ameona binti katika boma hilo. Usingizi ulikuwa umemhama. Alikuwa amenyoa ndevu mara mbili siku hiyo, na ndevu zenyewe hazikuwa nyingi.

Ndipo redio ikapiga ngoma.

"Wanaume wa mlima, mko macho?" Ilikuwa sauti ya Ndwiga, mtangazaji wa asubuhi wa Mteremko FM, mtu anayeweza kusoma tanzia na bado ukacheka. "Kesho saa moja jioni, ripoti ya Wanjugu! Kinga ya Ukimwi ambayo mama anajiwekea mwenyewe, na wewe mzee hujui lolote! Msikieni huyu!"

Ikafuata sauti ya mwanamke, lakini ilikuwa imepitishwa kwenye mashine ikawa nzito, kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. "Mwenzangu hajui, na sitamwambia. Vidonge hupiga kelele kwenye chupa. Hii hata hainong'oni."

Ngoma tena. "Lala salama, mzee!" Ndwiga akacheka, na banda zima likaangua kicheko pamoja naye.

"Mimi wangu nitamkagua leo na tochi," akasema Kithaka, jirani yao.

"Utakagua nini, Kithaka? Juzi ulikisalimia kinyago cha kufukuzia ndege shambani ukidhani ni pasta," akajibiwa, na vicheko vikaanza upya hadi mzani ukayumba.

Murungi peke yake hakucheka. Nyuma ya ile sauti ya pipa alikuwa amesikia kitu. Tsi-tsi-tsi-tsi, ngo! Tsi-tsi-tsi-tsi, ngo!

Kila shamba Mitunguu lina sprinkla ya kumwagilia ndizi. Maji yanashuka mlimani kwa mabomba, yanarushwa hewani, na mchana kutwa tarafa nzima inasema tsi-tsi-tsi. Lakini sprinkla moja tu ilikuwa imekanyagwa na fahali mdomo ukapinda, na kila ikizunguka, inalipiga bati la banda la kuku kofi moja: ngo! Hiyo ilikuwa nyuma ya jikoni, nyumbani kwao. Mama yake alikuwa amemwomba airekebishe tangu Krismasi, naye akawa anajibu "kesho, Mama" hadi kuku wakazoea.

Mashine ya redio ilikuwa imeificha sauti ya mwanamke. Maji hakuna aliyeyakumbuka.

Na nani aliyewahi kukaa nyuma ya jikoni yao akiwa na kinasa sauti? Wanjugu. Alikuja Jumapili ile ya kutambulishwa. Watu walipokwenda kuonyeshwa ng'ombe, yeye alibaki nyuma na mama, wakimenya ndizi za mukimo, chakula cha kupondwa. Murungi aliporudi alimkuta ana macho mekundu. Akadhani ni maneno makali ya mama, ambaye hakumtaka.

Sasa akajua, au akadhani amejua, na mtu mwenye wivu hatofautishi hayo mawili. Wanjugu alijirekodi mwenyewe. Mwenzake asiyejua ni yeye, Murungi.

"Ndizi zako zimefika kwenye mzani!" mwenye mizani akamwita.

"Pimeni mnavyotaka!" akajibu, na maneno hayo hayajawahi kutamkwa na mkulima yeyote wa Mitunguu, kabla wala baada. Akapanda pikipiki. Wanaomjua wanasema siku hiyo alipita mjini Nkubu upesi hivi kwamba vumbi lake lilifika dakika kadhaa baada yake.

*

Studio za Mteremko FM ziko Nchiru, ghorofa ya juu ya duka la dawa za mifugo. Wanjugu alikuwa chini, kwenye kibanda cha chai kinachotumiwa na wanafunzi, na alikuwa akigombana na Ndwiga.

"Nilikupa ripoti ya dakika ishirini," alikuwa akisema. "Daktari yumo, muuguzi yumo. Nimeeleza kidonge, nimeeleza pete, nimeeleza sindano. Wewe ukachukua sentensi tatu ukazitilia ngoma!"

"Hicho ni kionjo, dada. Watu lazima waonjeshwe."

"Na hiyo sindano ya miezi sita ulisoma asubuhi kwamba ni chanjo. Nimesema mara ngapi? Si chanjo, si tiba. Ni dawa ya kinga, ukiacha kuchomwa kinga inaisha. Sasa kuna msichana mahali amesikia chanjo, atachomwa mara moja aseme amemaliza maisha yake yote."

"Gazeti ndilo liliandika chanjo."

"Gazeti likiandika wewe ni mrembo utavaa sketi?"

Ndwiga akamwona Murungi anashuka kwenye pikipiki, akaona na uso wake, akakumbuka ana kazi ghorofani.

Wanjugu akageuka. Kwa muda mfupi uso wake ukafunguka kama dirisha la asubuhi, maana alimpenda kijana huyu, pamoja na vumbi na viatu vyenye utomvu wa ndizi. Murungi akayaona macho hayo. Alikuwa amepanga maneno makali tangu Nkubu. Nusu yakaanguka hapo hapo.

"Kwani umekuja na moto wote huo? Nani amekufa?" akauliza Wanjugu.

"Bado. Tukae."

Wakakaa. Chai ikaletwa, ikapoa bila kuonjwa.

"Yule mwanamke wa redioni," akasema Murungi. "Nani yule?"

"Siwezi kukuambia. Niliahidi. Ndiyo kazi yangu."

"Mlimrekodi wapi?"

Wanjugu akachukua kijiko, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Na hilo pia siwezi."

"Basi nitakuambia mimi. Mlimrekodi kwetu, nyuma ya jikoni. Sprinkla yetu inasikika ikipiga bati la banda la kuku."

Kijiko kikasimama. Msomaji, kuna weupe ambao hata uso mweusi hupata, na Murungi aliuona. Akauhesabu kuwa ushahidi.

"Mungu wangu, maji," Wanjugu akanong'ona.

"Ehe. Maji. Sasa sema tu si wewe, Wanjugu. Neno moja. Niambie si wewe, nirudi nyumbani nipime ndizi zangu."

Wanjugu akakiweka kijiko mezani. Akamtazama usoni, kisha akatazama barabara, wanafunzi wakipita na mabegi yao, kisha akarudisha macho. Yalikuwa yamejaa.

"Siwezi kukujibu."

"Swali rahisi hivyo?"

"Si rahisi."

"Unajikinga na nani?" Sauti ya Murungi ikapanda, na muuza chai akaacha kuosha vikombe ili asipitwe. "Kama ni mimi, unaniona mimi ni mtu gani? Kama ni mwingine, mwambie yeye alete asali Jumamosi!"

"Teremsha sauti."

"Redio yenu iliteremsha? Mitunguu nzima inanicheka na bado haijui kwamba inanicheka!"

"Sikiliza, Murungi." Aliinama mbele, akaongea polepole. "Tuseme ni mimi. Tuseme tu. Mwanamke akienda kliniki akauliza, akapimwa, akaelezwa kwamba kuna pete laini ya kuwekwa ukeni, inakaa mwezi mzima, inapunguza hatari ingawa si ukuta wa chuma. Akaamua kujilinda. Hapo amemkosea nani?"

"Amemkosea anayefichwa!"

"Na kwa nini anafichwa, umejiuliza? Au wewe unauliza tu ni nani?"

Murungi akakisukuma kikombe chake. Akasimama.

"Nitawaambia wazee wasiende Karurumo."

Alitarajia amshike mkono. Alitaka sana amshike mkono. Wanjugu alibaki ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, kama anayekizuia kisiruke.

"Waambie unavyoona," akasema. Kisha chozi moja likashuka, akalifuta kwa hasira. "Lakini jambo moja, tafadhali. Hayo ya sprinkla usimwambie mtu. Hata mmoja. Nichukie mimi, lakini hilo litunze."

"Bado unajifikiria wewe tu!"

Akaondoka. Hakugeuka hadi mjini Makutano, na kutoka huko kibanda cha chai hakionekani tena.

*

Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya migomba alipofika nyumbani. Mama yake, Mama Winfred, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alikuwa jikoni akiponda mukimo kwa nguvu za mtu mwenye ugomvi na chungu chake. Huyu ndiye aliyempinga Wanjugu tangu siku ya kwanza. "Msichana anayetaja sehemu za mwili redioni kama anayesoma bei ya mbolea!" Kila kipindi cha Wanjugu kilipokaribia, alipiga kelele: "Zimeni hiyo redio, uchafu unakuja!" Hakukosea saa hata siku moja.

"Mama, furahi," Murungi akasema akiwa mlangoni. "Jumamosi hakuna safari. Nimemwacha Wanjugu."

Mwiko ukakwama ndani ya mukimo.

"Umemwacha kwa nini?"

"Si ulitaka? Ulisema atatuletea aibu."

"Nimeuliza kwa nini, Murungi."

"Yule mwanamke wa redioni anayejikinga kwa siri. Ni yeye. Nimemuuliza, ameshindwa hata kukana."

Mama akaketi kwenye kigoda kana kwamba miguu imekatwa. "Ameshindwa kukana," akarudia. "Hakusema ni nani?"

"Alikataa. Nilimwambia aseme tu si yeye. Amekubali nimwache kuliko kufungua mdomo."

Nje, sprinkla ikasema yake: tsi-tsi-tsi-tsi, ngo!

"Rudi Nchiru," mama akasema.

"Nini?"

"Rudi umwombe msamaha. Piga magoti kama itabidi. Huyo ni msichana... huyo hutapata mwingine. Umesikia? Hutapata." Akafuta jicho kwa pembe ya leso. "Ni moshi," akasema. Moto ulikuwa wa makaa, hauna moshi.

Murungi akamtazama mama yake. Alimtazama kama ambavyo hakuwahi, na jambo lile likaanza kumjia polepole, naye akilisukuma lisije. Mwanamke huyu alikuwa adui wa Wanjugu. Kwa nini sasa anamlilia? Alijuaje saa ya kipindi asichosikiliza? Na Jumapili ile, nyuma ya jikoni, aliyekuwa na macho mekundu alikuwa Wanjugu peke yake? Hapana. Alikumbuka sasa. Mama pia alikuwa amefunga leso chini hadi kwenye nyusi, akasema ni kitunguu. Na mukimo wao hauna kitunguu.

Nyuma ya jikoni siku ile walikuwa wanawake wawili.

"Mama..."

"Usiniulize kitu," mama akasema kwa sauti ya chini. "Baba yako amefika."

Kweli, gari lilikuwa linaingia. Mzee Ishmael alikuwa dalali wa ndizi na maembe, mtu mnene, mcheshi, mwenye shati lililopigwa pasi kuliko inavyohitajika kununulia maembe. Alikuwa ametoka Karurumo. Kila wiki alikuwa anatoka Karurumo, wakati mwingine akalala huko kwa sababu ya maembe, hata msimu wa maembe ulipokuwa umekwisha. Lakini tangu aambiwe mkwe anatoka huko huko, mgongo ulianza kumsumbua. Mbali mno, alisema. Barabara mbaya. Ndugu zake wangetosha kupeleka asali.

Mambo hayo yote Murungi alikuwa ameyaona mwaka mzima, kila moja mahali pake. Jioni hiyo yakapangana kama shanga: Karurumo Baba hakufuata maembe tu, na mama alilijua hilo.

Mzee akaketi mezani, akawasha redio, akavuta sahani. "Leo huko njiani hakuna habari nyingine ila huyo mwanamke wa siri," akasema akicheka. "Kesho lazima niisikilize yote. Nijue mwanamume gani huyo mjinga analala na mke asiyemjua."

Mama akapakua. Mkono wake haukutetemeka. Murungi alitazama hasa kama utatetemeka, na haukutetemeka, na hilo ndilo lililomvunja moyo. Mama alikuwa na mazoezi ya kuficha.

Ngoma ikalia redioni. Sauti ya pipa ikaingia. "Mwenzangu hajui..."

Tsi-tsi-tsi-tsi, ngo, ikasema redio.

Tsi-tsi-tsi-tsi, ngo, ikajibu dirisha.

Kijiko cha Mzee Ishmael kikasimama katikati ya sahani na mdomo. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama kuku anayesikia mwewe. "Hebu," akasema. "Hebu kidogo. Hiyo kelele..."

Murungi hakukumbuka baadaye alivyotoka. Wengine husema alipita mlangoni, yeye huapa ilikuwa dirishani. Alichokumbuka ni mkono wake kwenye koki baridi ya bomba kuu, akiizungusha hadi kiganja kikachubuka, na maji yakikohoa, yakipungua, yakinyamaza. Redioni Ndwiga alikuwa tayari anacheka, na kionjo kimekwisha.

"Kelele gani, Baba?" akauliza kwa sauti kutoka gizani mwa migomba.

"Aa," baba akajibu. " Nilidhani nimesikia kitu. Kwani umefunga maji?"

"Naitengeneza sprinkla. Mama ameniomba tangu Krismasi."

Akasogea ndani zaidi ya shamba, akatoa simu. Ililia hadi karibu kukatika.

"Sema," akasema Wanjugu. Pua ilikuwa imeziba. Alikuwa amelia, na Murungi akajiona mdogo kuliko ndizi ya chini kabisa ya mkungu.

"Sikuulizi ni nani," akasema. "Sitakuuliza kesho, sitakuuliza tukizeeka. Naomba kitu kimoja. Kabla ya ripoti ya kesho, ondoa yale maji. Na kile kionjo, mwambie Ndwiga asikicheze tena."

Upande wa pili mlango ukafungwa.

"Murungi. Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Wewe hukuniambia, na yeye hakuniambia. Nimefunga bomba tu."

Akamsikia akilia sasa waziwazi, kilio cha mtu aliyetua mzigo. "Kionjo nimekiondoa mwenyewe dakika hii. Nimetishia kuacha kazi. Maji ya kwenye ripoti nilishayafuta mara tu ulipoondoka. Ningewezaje kuyaacha? Nilikuwa nasubiri tu kuona kama utamwambia mtu."

"Ungeniacha niende hivyo? Nikuchukie?"

"Ningefanya nini? Nikikuambia si mimi, ungebaki na nani mwingine wa kumfikiria pale?"

Murungi akaegemea mgomba. Alitaka kusema mambo mengi mazuri, ya kuandikwa. "Nimekosa," akasema tu. "Nimekosa sana, mpenzi. Nikija Jumamosi, utatoka kunipokea au utaniachia mbwa?"

"Inategemea asali." Akavuta kamasi, na ndani ya hilo kulikuwa na kicheko kidogo. "Waje mapema. Na Murungi... mwambie aliye nyumbani kwenu kwamba sauti yake ni salama. Hapana, usimwambie. Mpe tu salamu zangu."

Aliporudi ndani, baba alikuwa amemaliza kula na redio imezimwa. Alikuwa akijikanda kiuno. "Mgongo huu jamani. Jumamosi ndugu zangu watawapeleka. Huko Karurumo mimi hata njia siijui vizuri."

Murungi akaketi. Akanawa mikono polepole, akaikausha.

"Utakaa mbele, Baba," akasema. "Wewe ndiye utakayetuongoza. Njia ya Karurumo unaijua kuliko sisi sote."

Mzee Ishmael akainua macho. Mwanawe hakuyakwepa. Wakatazamana hadi yule mkubwa akaacha kujikanda kiuno, akaangalia sahani yake tupu.

"Basi sawa," akasema taratibu. "Jumamosi."

"Wanjugu anakusalimu, Mama," Murungi akaongeza.

Mama alichukua mwiko, akampakulia mwanawe mukimo, akaongeza, akaongeza tena, hadi ukawa mlima uliomficha kifua. Nje palikuwa kimya kabisa, na kuku, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, walikuwa wamelala.